Kola Iliyolala Ndani ya Koti

Pasaka iliyopita mjukuu wangu alikuja nyumbani amevaa koti la vifungo safu mbili, kola pana imelala kifuani kama masikio ya tembo, suruali imekunjwa chini. Akageuka huku na huku sebuleni ili nimtazame vizuri.

"Bibi, hii ndiyo mpya. Mjini kila bwana harusi anaitaka."

Nikamwambia, mpya iko wapi? Nguo hiyo niliiona ikizaliwa, nikaiona ikizikwa, nikaiona ikifufuka, na kila mara vijana walioivaa walidhani wameianzisha wao. Akacheka. Alidhani bibi anatania. Sikuwa natania hata kidogo, na ndiyo maana nimekaa kuandika. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, ndani ya ghala la mahindi la kijiji, na sikujifunza ili niweke sahihi tu.

Mume wangu alinioa ndani ya suti. Nasema hivyo kwa kujisifu, na nitajisifu mpaka nizikwe. Siku zile kule kwetu juu ya Magamba, mwanamume akiwa na kaptura isiyo na kiraka ya kwendea kanisani alimshukuru Mungu. Wangu alikuwa mpasua mbao msituni, vidole kama mizizi, vumbi la mbao haliishi nyusini. Lakini alipoamua kuoa alisema hataingia kanisani na nguo ya kuazima. Akashuka Mombo kwa miguu, akapanda na kitambaa cha sufu cha kijivu, amekizungushia gunia na kukibeba begani kama mtoto mgonjwa. Kitambaa kizito hicho! Ukijifunika huulizi blanketi.

Fundi alikuwa Mzigua mmoja aliyeweka cherehani yake barazani pa duka pale Lushoto. Sasa Mzigua na Msambaa ni watani, na mtani hapewi shikamoo, anapewa tusi. Asipolipata anaondoka na huzuni. Siku ya kupima nilikuwepo.

"Simama wima, Msambaa," fundi akasema na futi yake shingoni. "Au mlima umekupinda mgongo?"

"Pima upesi," mume wangu akamjibu, "mbu wa kwenu tambarare wasije wakakufuata huku."

"Mbu wa kwetu wanachagua damu. Ya mla viazi hawaitaki."

Wakaendelea hivyo mpaka mteja mwingine akadhani watapigana. Lakini kazi aliyoitoa Mzigua yule! Vifungo safu mbili, kola pana, kizibao chenye kimfuko cha saa ingawa saa hatukuwa nayo, suruali ya marinda kiunoni na mkunjo mpana kule chini. Alipomvisha alirudi nyuma, akainamisha kichwa upande, akanyamaza. Mtani kunyamaza! Nikajua naye ameipenda.

Basi, tukaoana. Suti ikawa ya Krismasi na Pasaka, ya misiba ya wakubwa, ya kumsindikiza mtoto kubatizwa. Mume wangu akiivaa alibadilika mwendo.

Ulipokuja Uhuru tulishuka Lushoto na watoto kusherehekea. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na vibendera vya rangi juu ya miti, na kulikuwa na makarani wa ofisi wamevaa suti za mtindo uliokuwa umeingia. Suti nyembamba! Kola kama ulimi wa mjusi, suruali imebana miguu kama ngozi ya muwa. Mmoja wao, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinajiuliza kama zitoke, alimtazama mume wangu toka juu hadi chini mbele ya watu wote.

"Baba, hilo ni koti au hema la Mjerumani? Uhuru umekuja, tuachie ukoloni."

Watu wakacheka. Hata wa kanisani kwetu walicheka, niliwaona. Mume wangu naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa. Njia nzima ya kupanda mlima alitutangulia mbali. Juma lililofuata akaikunja suti, akaitia kwapani.

"Unaipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Ikapunguzwe."

"Usiikate. Ile ni nguo yangu pia, nimeolewa nayo."

"Wewe hukuchekwa," akasema.

Nikamfuata hadi kwa fundi, maana nilitaka kuona kwa macho yangu. Mzigua akaishika suti, akaipapasa kola, akauliza, "Nipunguze koti au nikupunguze wewe? Maana naona aliyezidi ni wewe." Mume wangu hakujibu tusi. Hapo fundi akaelewa kwamba mambo si mazuri, akaichukua.

Siku ya kuifuata ilikuwa imekuwa nyembamba kama ya karani. Safu moja ya vifungo, kola kama kijiti. Mume wangu akauliza, "Umekata?"

"Kukata?" Mzigua akasema, akauma uzi kwa meno. "Nimekuzika humo ndani, Msambaa. Siku ukifufuka, njoo nikufukue."

"Utatangulia wewe kuzikwa, na nitakuja kula wali wako."

"Njoo na kijiko chako."

Tukacheka, tukaondoka. Ni nani anayebeba maneno ya mtani hadi nyumbani? Mtani akikuambia umekufa, hushiki kichwa. Akikuambia amekuzika, unamuuliza kaburi liko wapi, mnacheka, mnaachana. Maneno yale tuliyaacha palepale barazani.

Lakini suti ile nyembamba mume wangu hakuipenda. Alilalamika jambo la ajabu. "Imekonda," alisema, "lakini imezidi uzito. Inanilemea kifuani kama nimebeba mtu." Nilidhani ni majuto yanayosema. Akaivaa mara chache, kisha nikaiweka sandukuni na majani ya kivumbasi ili nondo wasiisogelee, nikaweka mashuka juu yake. Ikakaa huko.

Miaka ikaenda. Ukaja Ujamaa, vijiji, shamba la pamoja, mikutano. Mengine yalikuwa mazuri, nami nikapata kusoma. Lakini madukani! Siku ya sabuni palikuwa na sabuni, siku ya chumvi palikuwa na chumvi, na siku nyingi palikuwa na muuza duka peke yake. Kitambaa kikija kilikuwa kaki au shuka la marekani. Sufu ulikuwa unaisikia kwenye hadithi.

Ndipo kijana wangu wa kwanza akataka kuoa. Alifanya kazi kitaluni Magamba, akipanda miche ya misonobari, mrefu kuliko baba yake, mpole kupita kiasi. Binti alikuwa wa Lushoto mjini, mwenye meno meupe na mkono wa kazi. Nilimpenda mapema kuliko mwanangu. Baba wa binti alikuwa mtu mtulivu, mama yake vilevile. Mwenye kauli alikuwa shangazi. Huyo aliwahi kuishi Tanga, alikuwa na sahani za maua, na alijua kila kitu kilichovaliwa Dar es Salaam kabla hakijaisha kushonwa.

Harusi ilishasogezwa mara moja, kwa sababu ya nguo. Tulipokwenda kuomba muda tena, mimi na mume wangu na kijana mwenyewe, tulipokewa na shangazi huyo. Shikamoo zikapita, chai ikaja, kisha akaweka kikombe chini.

"Wenzangu, tuseme ukweli. Kijana wenu ataingia kanisani na nini? Na ile kaki ya kitalu?"

"Tunatafuta, dada," nikasema.

"Mnatafuta tangu mavuno ya mwaka jana. Sisi hatukumzaa binti yetu ili apigwe picha na mtu aliyevaa kama mlinzi wa bohari. Na msije na zile suti za kubana za wakati wa Uhuru. Zile zimekufa. Siku hizi ni kola pana na suruali pana. Mmesikia?" Akavuta shali yake. "Tukisogeza tena, kuna watu Korogwe wanaulizia. Sisemi kwa ubaya."

Alisema kwa ubaya. Nikamtazama mwanangu, naye akarudisha kikombe mezani, chai haijaguswa. Baba wa binti alikuwa anatazama dari. Tukapewa mpaka baada ya Pasaka, basi.

Mitindo ina dharau, ndugu zangu. Upana uleule uliomfanya mume wangu achekwe mbele ya watoto wake, sasa ulikuwa umerudi na watu wanaunyenyekea. Vijana walikuwa wanarudi toka Dar na suruali za bugaluu zinafagia njia, kola ambayo ungeweza kuanikia maharage. Na yetu tulikuwa tumeipunguza.

Hata hivyo nilifungua sanduku. Kijana akaivaa. Mikono ya koti ikaishia katikati ya njia, suruali ikaogopa vifundo vya miguu. Akajitazama kwenye kipande cha kioo.

"Mama, nimekuwa mkasi."

Nilitaka kucheka lakini sikuthubutu. Tukaipeleka Lushoto kwa fundi aliyekuwepo wakati huo, kijana wa pale pale sokoni. Mzigua wetu alikuwa ameshateremka kwao tambarare, kijiji kipya cha ujamaa kupita Mombo. Huyu kijana akaitazama suti, akatikisa kichwa.

"Mama, kupunguza ni kazi ya fundi. Kuongeza ni kazi ya Mungu. Kola ikishakatwa imekatwa."

Tukaikunja suti, tukatoka. Nje ya kibanda mwanangu aliinama akawa anachora vumbi kwa kijiti. Akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Mwacheni tu aolewe Korogwe. Amesubiri vya kutosha." Baba yake akamgeuzia mgongo. Nilimsikia akisema na ukuta: "Niliua koti langu kwa sababu ya mdomo wa karani."

Asubuhi ya pili ukungu uliondoka mapema. Nikasema suti ile nikiirudisha sandukuni na unyevu itaota ukungu, acha nianike. Nikaitandaza juu ya ua wa miti, nikapitisha kiganja kifuani mwa koti ili kunyoosha. Na hapo kiganja changu kikasimama. Mimi nimesonga bada, ugali wa muhogo, maisha yangu yote, najua kwa mkono ugali ulio mwepesi na ulio mzito. Kitambaa kile hakikuwa na unene wa kitambaa kimoja. Nikabana ukingo kwa vidole viwili. Mzito. Nikabana kwapani. Mwembamba. Nikarudi kwenye ukingo wa kola. Mzito tena.

Imekonda lakini imezidi uzito. Nimekuzika humo ndani, Msambaa.

Nikaita, "Baba watoto! Njoo hapa na wembe!"

Alikuja mbio na wembe, akidhani nimeona nyoka, nikauchukua. Nikamwambia. Akashika koti, akalipapasa, kisha akanishika mkono wenye wembe.

"Ukifumua na usikute kitu, hata hii nyembamba tumeipoteza. Tutampeleka kijana kanisani na shati."

"Hata sasa tunampeleka na shati."

"Yule Mzigua alikuwa anatania tu."

"Na kama hakuwa anatania?"

Akaniachia mkono. Nikafumua mishono midogo, ile ya karibu na tundu la kifungo, nikavuta kidogo kidogo. Pakatoka ncha ya kitambaa. Nikafumua tena. Ukatoka upana wa kidole, kisha wa vidole vitatu, kisha sufu ya kijivu ikafunguka mkononi mwangu kama jani la kabichi. Kola nzima! Ilikuwa imekunjwa kwa ndani, imelazwa, imeshonwa juu yake, haijaguswa na mkasi hata kidogo.

Nilikaa chini kwenye majani yenye umande. Mume wangu alisimama ameshika koti, machozi yanamtoka na anatukana kwa Kishambaa, anamtukana yule fundi, anamtukana baba yake na babu yake, na sijawahi kusikia matusi matamu vile.

Mimi sikuendelea kufumua. Kaburi hufukuliwa na aliyezika. Tukapanda basi hadi Mombo, tukaunga njia kwa miguu kwenye joto lile la chini ambalo linakuchemsha ubongo, tukaulizia hadi tukamkuta. Alikuwa amekaa chini ya kivuli cha kibanda cha kijiji anashona kaptura za shule, kichwa cheupe, miwani imefungwa kamba. Alituona kwa mbali, hakuinuka.

"Msambaa! Bado unapumua? Nilishakula msiba wako mara mbili."

"Nimekuja kufukuliwa," mume wangu akasema.

Mzee yule akaacha kukanyaga cherehani. Akaangalia furushi, akaangalia mume wangu. Taratibu meno yake machache yakatokea.

"Miaka yote hii hamkufumua?"

"Ulisema kwa utani!"

"Nisemeje basi? Mimi ni Mzigua, wewe Msambaa, nikikuambia jambo kwa upole utadhani naumwa." Akafungua furushi, akalikung'uta koti, akapapasa kola iliyotoka. "Ulitaka nikate kazi kama hii? Kwa sababu kijana mmoja amekucheka? Nikajisemea, atatulia, atarudi. Nikakusubiri. Nyinyi watu wa mlimani mnachelewa hata kukasirika."

Akaifanya kazi palepale, akiweka kando kaptura za shule, nasi tukampasulia kuni ili mke wake asitununie. Alifumua safu ya ndani akairudisha safu mbili. Matundu ya vifungo ya ile safu moja yalibaki katikati ya koti, nikaingiwa na hofu, yeye akachukua vifungo akavishona juu ya matundu hayohayo. Koti la safu mbili lina vifungo vya urembo, akasema, wacha vifunike aibu. Mikono ilikuwa na akiba ndani, akaishusha. Miguu ya suruali nayo akaipanua. Jambo moja tu lilimshinda. Mwanangu ni mrefu, na ili suruali imfike ilibidi ule mkunjo wa chini ufunguliwe wote. Mzigua alisikitika kama aliyepoteza mbuzi. "Suruali hii bila mkunjo ni mzee bila fimbo," akasema. Lakini hapakuwa na njia.

Siku ya harusi alitangulia yeye kufika kanisani. Sijui alipanda na nini. Bwana harusi alipofika mlangoni, mzee akanyoosha mguu wake mkavu, akaziba njia.

"Haingii mtu. Koti hili ni langu. Maiti niliizika mimi, nikaifufua mimi. Ama nipewe koti, ama nipewe jogoo."

Watu wa upande wa binti walishtuka, hawakujua huyu mzee ametoka wapi. Sisi tulikuwa tumeshamfunga jogoo miguu, maana tunawajua watani wetu. Akapewa, akamkumbatia kwapani, akaketi naye benchi la nyuma ibada nzima. Kila mchungaji alipopandisha sauti, jogoo naye akajibu.

Shangazi alimsogelea mwanangu wakati wa picha. Akamnyoosha kola kwa vidole viwili, akaipapasa, akageuka kwa mume wangu.

"Hii mmeitoa Dar?"

"Mbali kidogo zaidi," mume wangu akasema.

"Hamkuona mwenye kitambaa kama hiki anibakizie mimi na mume wangu?"

"Nitamuuliza," akasema, uso mkavu kabisa. Ilibidi nigeuke nitazame msitu.

Kwenye picha ile, ambayo ninayo ukutani, ukichungulia unaona mstari mwembamba katikati ya kola, pale palipokunjwa miaka yote. Pasi ya mkaa haikuutoa. Mjukuu wangu aliuona akauliza ni mapambo gani yale, na kama fundi wake anaweza kumwekea.

Baada ya harusi mwanangu aliirudisha suti, imekunjwa vizuri, kwa heshima. Nilikuwa naelekea nayo sandukuni, mume wangu akaniambia niiache kitandani. Siku ya soko Lushoto alinawa, akanyoa, akaivaa. Koti lilimkaa kifuani kama lilivyomkaa siku ya kuoa, tumbo halikuwa limeongezeka, kazi ya msumeno hairuhusu. Ila suruali ilimpita, kwa kuwa ilishushwa kwa ajili ya mtoto. Akaitazama inavyomlalia juu ya viatu. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akainama, akaikunja chini, mguu mmoja na wa pili, mkunjo mpana ulionyooka, kama ule wa Mzigua.

Tukashuka pamoja, mimi na kapu la peasi kichwani. Sokoni vijana wawili wa bugaluu waligeuka, mmoja akamkimbilia.

"Shikamoo, mzee. Samahani, mzee wangu, huo mkunjo wa chini umeshonewa wapi? Ndio umeingia sasa?"

"Marahaba," mume wangu akasema, akaweka mikono mifukoni, nami nikauona ule mwendo wake unarudi. "Ndio umeingia. Leo asubuhi."